Boti ya kukodi huko Norfolk Broads: gesi wameiweza, umeme bado

Mwishoni mwa Mei, mimi, mke wangu na mtoto wetu wa miaka tisa tulikodi boti ndogo ya kulala kutoka Wroxham, kwenye eneo la mito na maziwa la Norfolk Broads, mashariki mwa Uingereza, kwa siku tatu. Maoni ya wateja niliyoyasoma kabla ya safari yalisifu mandhari, vitanda na utulivu wa mto, lakini karibu hakuna aliyezungumzia jiko, ilhali kwenye chumba chenye urefu wa hatua chache ambamo watu watatu wanapika na kulala, jiko ndilo la kukaguliwa kwanza. Kwa hiyo nitalizungumzia hilo tu, na nyota zangu nne ni za jiko.

Tulikuta jiko la gesi la pleti mbili lenye oveni ndogo, friji ya volti 12, na maikrowevu inayotumia betri kupitia inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama ule wa nyumbani. Birika la umeme halikuwepo, na ni vizuri halikuwepo.

Kijana aliyetukabidhi boti alitumia dakika ishirini kwenye mambo ya jikoni kabla hata ya kutuonyesha usukani. Alianzia nje, upande wa shetri (nyuma ya boti), ambako mtungi umewekwa kwenye sanduku lake lisilopitisha hewa kuelekea chumbani, lenye tundu chini linalotokea nje ya boti, juu ya usawa wa maji. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa: ikivuja nyumbani, mara nyingi itapata upenyo chini ya mlango, lakini ikivuja ndani ya boti hushuka hadi ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, na kutuama humo kama maji, ikingoja cheche ya swichi au ya pampu. Ndiyo maana alitutaka tufunge koki ya mtungini kila tunapomaliza kupika, si kitufe cha jiko peke yake, na tukisikia harufu tusiguse swichi yoyote, tufungue milango na madirisha, kisha tutoke. Alitueleza pia kwamba kitufe cha jiko hubanwa kwa sekunde kadhaa baada ya moto kuwaka, hadi kile kifaa kinachokata gesi moto unapozimika kipate joto. Asingetuambia, tungedhani jiko ni bovu.

Vishikizo vya sufuria juu ya jiko ni imara kwa supu na chai, lakini waliovitengeneza hawakuwahi kuona mtu akisonga ugali. Nilijaribu tukiwa tumefunga kamba gatini, na bado sufuria iliponyoka mara mbili. Nikaishia kuzima moto, nikaishusha sakafuni na kusongea huko nikiwa nimeibana kwa miguu, huku mtoto nikiwa nimemtuma nje akahesabu bata.

Usiku ulikuwa wa baridi, na mke wangu alitaka kuziba matundu ya hewa kwa taulo. Matundu hayo hayazibwi, wala jiko haliwashwi ili kupasha chumba joto, kwa sababu moto usiopata hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Mwezi Juni 2016, hapo hapo kwenye ziwa la Wroxham Broad, mwanamume na mwanamke walikufa ndani ya boti yao kwa gesi hiyo, iliyotoka kwenye moshi wa injini ya petroli, na boti yao haikuwa na king'ora cha kuonya kuhusu gesi hiyo. Tangu Aprili 2019 king'ora hicho ni sharti la ukaguzi wa usalama kwa boti zenye vyumba. Chetu kilikuwa kipya, na kijana alikibonyeza mbele yetu ili tukisikie kinavyolia.

Baada ya umakini wote huo, umeme haukuelezwa hata kwa sentensi moja. Maikrowevu ya wati 700 huvuta zaidi ya wati 1,000 kwenye inveta, na kwa betri za volti 12 hizo ni kama ampea 100. Tulipasha wali na maharage jioni injini ikiwa imezimwa, inveta ikaanza kulia, na asubuhi friji ilikuwa imezimika na maziwa yameganda. Bahati nzuri, injini ina betri yake na iliwaka. Nilipopiga simu nilijibiwa kwa adabu kwamba maikrowevu hutumika injini ikiunguruma. Lakini kuungurumisha injini usiku gatini, majirani wamelala, si ustaarabu, na isitoshe moshi wake ndio unaobeba gesi ile ile tuliyoonywa juu yake. Karatasi moja iliyobandikwa kwenye mlango wa maikrowevu ingetosha.

Siku mbili zilizobaki tulipasha chakula kwa sufuria, na maikrowevu tukaigeuza kabati la mkate.