Riwaya yako ya kwanza ya Kihispania: nunua chembamba kwanza

Kosa nililofanya mimi wanalifanya wengi. Nilisikia sifa za Gabriel García Márquez wa Kolombia, nikaenda kwenye meza ya vitabu vya mtumba, nikabeba Cien años de soledad, yaani Miaka Mia ya Upweke, kwa tafsiri ya Kiingereza. Kufika nyumbani, ule ukurasa wa mwanzo wenye mti wa ukoo umechanwa. Bila mti ule utateseka: jina José Arcadio linarudiwa kizazi hadi kizazi, na kuna kanali mwenye watoto wa kiume 17, wote Aureliano. Sikufika mbali. Ndiyo maana hapa nimepanga vitabu kwa kuangalia kipi utakimaliza. Ukubwa wa jina baadaye.

Namba moja ni cha Márquez huyohuyo, Crónica de una muerte anunciada (1981). Kwenye jalada la Kiingereza tafuta Chronicle of a Death Foretold. Jumamosi moja inakitosha. Sentensi ya kwanza tu unaambiwa Santiago Nasar atauawa siku hiyo, na kwamba kaamka saa kumi na moja na nusu alfajiri akangojee meli ya askofu. Mapacha wawili wananoa visu vyao vya nguruwe mbele ya wachinjaji na kutangaza wanayekwenda kumuua. Meya anawanyang'anya visu, wanarudi na vingine. Unajua mwisho, na bado unapiga kurasa ukiomba mtu mmoja tu amfikie yule kijana kwa wakati. Márquez, aliyepata Nobel 1982, alikuwa mwandishi wa habari, na hapa anaonekana: saa ngapi, nani alikuwepo, nani alisikia akanyamaza.

Namba mbili, Juan Rulfo wa Meksiko. Huyu aliwahi kuwa muuza matairi wa kuzunguka miji, na jina lake limesimama juu ya vitabu viwili vyembamba: hadithi fupi za El Llano en llamas (1953) na riwaya Pedro Páramo (1955). Anza na hadithi. Katika mojawapo, wakulima waliogawiwa ardhi na serikali baada ya mapinduzi wanatembea kutwa nzima kwenye uwanda mkavu waliopewa. Tone moja la mvua linaanguka, linatoboa vumbi, linaacha kidonge kama cha mate. La pili haliji. Wakimlalamikia ofisa, anawajibu waandike barua. Msomaji yeyote aliyewahi kufuatilia hati ya kiwanja atacheka kicheko kibaya. Angalizo la mfuko: kwa Kiingereza kitabu hiki cha hadithi kinauzwa kwa majina mawili, The Burning Plain na The Plain in Flames. Ni kilekile, usije ukalipa mara mbili.

Namba tatu wengi hawamtegemei, maana wanasahau kwamba Kihispania ni lugha ya Afrika pia. Juan Tomás Ávila Laurel ni wa Guinea ya Ikweta, na By Night the Mountain Burns ni utoto katika kisiwa cha Annobón: mlima unaowaka, kipindupindu, na babu asiyeeleweka. Kinakwenda polepole kama mzee anayesimulia bila haraka. Hutakikuta mtaani kirahisi, itabidi uagize.

Isabel Allende wa Chile ni namba nne, La casa de los espíritus (1982), kwa Kiingereza The House of the Spirits. Kinene lakini chepesi. Kilianza kama barua kwa babu yake aliyekuwa mahututi. Pablo Neruda, mshairi wa Chile, mnunue ukipenda mashairi, na chukua toleo lenye Kihispania upande mmoja na tafsiri upande wa pili.

Don Quijote, riwaya ya Mhispania Cervantes, nimeiweka mwisho kwa unene tu. Mezani utauziwa vilivyofupishwa kwa ajili ya watoto, basi kabla hujatoa hela hakikisha sehemu zote mbili zimo, ya 1605 na ya 1615. Ya pili ndiyo tamu zaidi kwangu: Quijote, mhusika mkuu, anakutana njiani na watu ambao tayari wamesoma sehemu ya kwanza, wanamjua vituko vyake vyote, nao wanaanza kumchezea makusudi.