Kidani cha Watuareg nilichonunua Mwanza: fedha ni kweli, mkufu hapana

Wengi mmeniuliza kwenye harusi ya juzi hiki kidani nimetoa wapi, haya naandika. Nimekinunua kwenye kaduka maeneo ya Makoroboi, muuzaji alianza na 250,000 tukamalizana kwa 180,000, na nimekivaa miezi 4 sasa.

Ni ule msalaba wa Agadez, mji wa kule Niger pembeni ya Sahara. Unaitwa msalaba ila Watuareg, watu wa huko Sahara wanaoutengeneza, ni Waislamu, kwahiyo msiuogope mkidhani ni wa kanisani.

Mi nimewapenda mafundi wake kwanza. Wanaitwa inadan, ufundi unaenda kwa ukoo, mtoto anakaa kwa baba anajifunza, na wake zao ndo mafundi wa ngozi. Fundi anaunda umbo kwa nta, analifunika na udongo, anaweka motoni nta inayeyuka yote inatoka, pale ilipokuwa anamimina fedha ya moto, ikipoa anavunja udongo. Yaani kalibu inatumika mara moja basi, ndo maana hupati viwili vinavyofanana kabisa jamani! Na yale maua madogo anachora kwa mkono. Zamani fedha yenyewe waliipata kwa kuyeyusha sarafu za fedha, reale za Maria Theresa, zilezile zilizotumika Zanzibar enzi hizo. Sisi huku na dhahabu yetu ya Geita fedha tunaiona ya pili, wenzetu kwa mila zao dhahabu ndo ina nuksi.

Nilikipeleka kwa sonara wangu akakisugua kwenye jiwe akatia asidi, akasema ni fedha kweli. Sasa mkufu walionipa nacho! Wiki ya 2 tu umeanza kuacha rangi ya kijani shingoni, nikarudi dukani wakaniambia mkufu ulikuwa zawadi. Sijapenda, wangesema mapema.

Na kilichoniuma zaidi, nimemuuliza muuzaji katengeneza nani, hajui, hata ametoka mtaa gani hajui, wakati mtu kakaa chini siku nzima na kipande hiki. Muulizeni na nyie kila mkienda, labda ataanza kuwauliza wanaomletea.

Kidani chukueni, mkufu mwachieni. Changu nimekitia kamba nyeusi ya ngozi ya 5,000 kutoka Mlango Mmoja, na kimekaa vizuri kuliko mwanzo.