Tairi za gari la porini kwenye tela dogo: ipi ununue, ipi uiache

Tela dogo la kawaida linatoka kwa fundi likiwa na tairi za inchi 13, zile za gari dogo. Kwa lami ya Arusha hadi Moshi hazina shida yoyote, na kama tela lako linabeba majani ya ng'ombe na mifuko ya saruji ndani ya mji, usitumie hela yako kubadilisha. Mwongozo huu ni wa yule anayevuta kuelekea Ziwa Natron, Longido ndani ndani au Simanjiro, akiwa na maji, nguzo za uzio, au vyombo vya kambi.

Huko inchi 13 inateseka. Tairi ya 165R13 ina kimo cha sentimita 59 hivi; 7.50R16 inayovaliwa na Land Cruiser nyingi za safari inakaribia 80. Ndogo inazunguka kama mara 535 kwa kila kilomita, kubwa kama mara 400. Tofauti hiyo inaliwa na beringi, na kwenye barabara iliyojikunja kama bati beringi ndogo inapata moto haraka. Shimo ambalo kubwa inalipita juu juu, ndogo inazama ndani yake.

Msimamo wangu ni huu: nunua rimu inayolingana na ya gari linalovuta. Ukipata pancha mbili umbali wa saa tatu kutoka kijiji cha karibu, spea ya gari inaingia kwenye tela na ya tela inaingia kwenye gari. Hakuna faida nyingine inayoifikia hiyo. Na ili uipate, fedha yako ya kwanza inaenda kwenye habu, kile kitovu chenye bolti za kufungia rimu. Tairi zinafuata baadaye.

Pima kabla hujaingia dukani

Fundi akikuuliza "nati ngapi?", jibu hilo peke yake halitoshi. Kuna nati tano za aina nyingi, na kwa macho zinafanana. Kwenye nati sita ni rahisi: pima katikati ya bolti moja hadi katikati ya ile inayotazamana nayo. Toyota Hilux, Prado, Nissan Patrol, Pajero na L200 zote zinatoa milimita 139.7. Kwenye nati tano hakuna bolti inayotazamana na nyingine, kwa hiyo pima kati ya bolti mbili zilizo jirani. Ukipata 67, hilo ni duara la bolti la milimita 114.3, kama RAV4. Ukipata 82 ni 139.7, Suzuki Samurai na Jimny. Ukipata 88 ni 150, Land Cruiser. Ukipata 97 ni 165.1, Land Rover Defender ya zamani na Discovery ya kwanza. Tumia kalipa, kile kifaa cha kupimia milimita, rula ya shule itakudanganya kati ya 82 na 88.

Kisha angalia tundu la katikati. Rimu ya Hilux ya nati sita ina tundu la milimita 106, ya Pajero ina 67. Maana yake rimu ya Pajero haipiti kwenye habu ya Hilux hata kama nati zote zinalingana. Watu wengi wamerudi nyumbani na rimu nzuri za Pajero zisizoingia popote.

Nafasi ya kwanza: rimu za chuma za inchi 16, nati sita, za Hilux au Prado

Hizi ndizo ninazompa mtu yeyote chaguo la kwanza, na kama unavuta kwa Hilux hata usisome zaidi. Zimejaa kwa wauza spea wa Arusha na Moshi, mpya na za mtumba, na habu ya tela yenye nati sita za 139.7 inapatikana bila kuhangaika. Chukua za chuma. Rimu ya chuma ikipinda kwenye jiwe inanyooshwa kwa nyundo pale pale kijijini, ya aloi ikipasuka imekwisha.

Hapa kuna jambo dogo linaloumiza wengi. Shika nati mkononi uigeuze uone upande unaogusa rimu. Nati ya rimu ya chuma ina koni, inaingia kwenye tundu kama mdomo wa faneli. Nati ya rimu ya aloi ya Toyota mara nyingi ina shingo iliyonyooka na washa bapa. Ukifunga rimu ya chuma kwa nati zenye washa, zitaonekana zimekaza lakini zimeshikilia kwenye ukingo mwembamba tu. Zitalegea. Nunua nati pamoja na rimu, na hakikisha uzi wake: Hilux za nati sita ni milimita 12 kwa 1.5.

Tairi za 265/70R16 zina kimo cha sentimita 78 hivi, na zenye namba 112 ubavuni zinabeba kilo 1,120 kila moja. Kwa tela dogo hiyo ni zaidi ya inavyohitajika, na ndiyo maana usizijaze upepo hadi mwisho. Tela tupu lenye tairi ngumu linarukaruka hadi linavunja kioo cha taa na kumwaga mzigo.

Nafasi ya pili: Land Cruiser nati tano

Land Cruiser si moja. Zile za zamani za mfululizo wa 70 zilikuwa na nati sita. Kuanzia 1999 zikaja na nati tano kwenye duara la 150, bolti za milimita 14. Kama unavuta kwa gari la safari la sasa, hii kwako ndiyo ingekuwa ya kwanza. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya habu. Habu ya tela ya nati tano za 150 haipatikani kila duka, kwa hiyo unakwenda kwa fundi kerezo atoboe habu isiyo na matundu. Mwambie apime sahani ya habu kwanza: baada ya tundu la bolti lazima nyama ya kutosha ibaki hadi ukingoni. Sahani ya milimita 160 haifai hata kidogo, matundu ya bolti yatatokeza nje ya ukingo.

Epuka rimu za aloi za Land Cruiser 100 na 200, maarufu V8. Nyuma zimegongwa ET60, yaani tairi inaingia ndani sana, na kwenye tela itasugua springi.

Nafasi ya tatu: Suzuki

Kwa tela jepesi linalovutwa na Jimny au Vitara ya zamani, inchi 15 za Suzuki ni chaguo zuri mno, na sioni kwa nini watu wanazidharau. 215/75R15 ina kimo cha sentimita 70. Inanyanyua tela sentimita tano na nusu tu, kwa hiyo madigadi ya zamani yanaweza kubaki. Yenye namba 100 inabeba kilo 800. Angalia nati: uzi wa Suzuki ni 12 kwa 1.25, nati ya Toyota itaharibu bolti.

Land Rover

Mwenye Defender afunge za Defender, basi. Rimu zake za chuma ni ngumu na bolti ni za milimita 16. Asiye na Defender hana sababu ya kuzitafuta.

Za kuacha

Spesa za kubadilisha nati nne kuwa sita, vile vipande vinavyokaa kati ya habu na rimu, zinauzwa kwa maneno matamu. Zinasukuma tairi nje, na uzito wote unaanza kuipinda ekseli na kuikandamiza beringi ya nje. Tena kunakuwa na nati za ndani usizoziona bila kufungua tairi. Rimu iliyotobolewa matundu mapya katikati ya ya zamani, usiiguse. Tairi za pikipiki za miguu minne zinapendeza, ila nyingi zimeandikwa ubavuni kwamba si za barabara kuu, zibaki shambani.

Kabla hujatoa hela ya mwisho

Tairi kubwa haiongezi nguvu ya ekseli. Ekseli ya kilo 750 inabaki ya kilo 750. Ukitoka inchi 13 kwenda 7.50R16 tela linapanda kama sentimita kumi, kwa hiyo ndoano ya gari nayo ipandishwe mpaka tela likae sawa. Ila usipitilize: pua ikitazama juu, tela linayumba. Acha angalau sentimita nane kati ya tairi na madigadi mzigo ukiwa umepakiwa. Kama tela lina breki, jua zitashika kwa udhaifu zaidi kuliko mwanzo.

Tairi za tela huzeeka kabla ya kuisha kashata, yaani meno ya tairi. Tafuta tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyoandikwa ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Za mtumba zenye nyufa ubavuni ziache hata kama kashata ni mpya.

Rimu ya chuma ya Hilux ikazwe kwa nguvu ya Nm 105, kwa mpangilio wa nyota, tela likiwa bado kwenye jeki kwa mzunguko wa kwanza. Ukitoka Arusha kwenda Natron, simama Makuyuni ukaze tena nati zote, na uguse kila habu kwa kiganja. Ikiwa moja ina moto kuliko mwenzake, beringi imekazwa mno au haina grisi, na irekebishwe hapo hapo kabla hujaiacha lami.