Mizani ya upepo ndani ya lori: kifaa kizuri kinachoharibiwa na kuseti kwa haraka

Kwa wanaopakia saruji Pongwe, Tanga, kuelekea Arusha, kinachowakamatisha mara nyingi ni mgawanyo wa mzigo kuliko jumla yake. Kichwa chenye difu mbili (ekseli za nyuma zinazosukuma gari) kikivuta tela ya ekseli tatu za tairi pacha kinaruhusiwa tani 8 mbele, 18 kwenye difu na 24 kwenye tela, jumla 50. Gari linaweza kutoka kiwandani na tani 49 na bado likakwama kwenye mizani ya TANROADS, wakala wa barabara wa serikali, kwa sababu difu zimebeba 19. Ndiyo kazi ya mizani ya upepo: sensa husoma presha ya mabaluni, yaani mifuko ya upepo inayobeba chasi badala ya springi, na skrini kabini humwonyesha dereva kilo za kila kundi la ekseli wakati mzigo bado unapangwa. Zipo za Marekani kama Air-Weigh na Right Weigh, na nyingine nyingi. Tofauti baina yao ni ndogo kuliko tofauti baina ya fundi anayeseti vizuri na anayebahatisha.

Mwenye gari la springi za chuma pande zote asinunue aina hii, maana hakuna presha ya kusoma. Kichwa chenye springi mbele na mabaluni nyuma kinafaa, ila uzito wa mbele utakadiriwa kutokana na wa difu, na makadirio hayo huvurugika sahani ya kuunganishia tela ikisogezwa.

Sensa hufungwa kwa tii (kiungo cha njia tatu) kwenye bomba lililo kati ya baluni na valvu ya urefu, ile inayoingiza na kutoa upepo ili chasi ibaki kimo kilekile. Ikifungwa kabla ya valvu itasoma presha ya tangi, na namba haitashuka hata gari likipakuliwa lote. Gari lenye valvu mbili, kushoto na kulia, linahitaji sensa kila upande, la sivyo mzigo ulioegemea upande mmoja hautaonekana.

Kuseti kunahitaji pointi mbili, gari tupu na gari lililojaa. Chukua mfano: difu tupu zina kilo 5,200 kwa baa 0.9, zikijaa zina kilo 17,800 kwa baa 4.9. Tofauti ni kilo 12,600 kwa baa 4, yaani kilo 3,150 kwa kila baa. Sensa ikikosea baa 0.1 tu, umepoteza kilo 315, zaidi ya mifuko sita ya saruji. Anayeseti kwa pointi moja anadhani mstari unaanzia sifuri, na hauanzi hapo, kwa sababu sehemu ya uzito, kama ekseli zenyewe na tairi, haikai juu ya mabaluni.

Utaratibu wenyewe: simamisha gari mahali tambarare, weka kabari kwenye tairi, kisha fungua breki zote, za kichwa na za tela. Hatua hii ndiyo inayorukwa sana. Breki zikiwa zimefunga, magurudumu hayawezi kujisogeza kidogo chasi inapopanda au kushuka. Mfumo unabana, na presha inayosomwa si ya mzigo peke yake. Acha injini ijaze matangi hadi baa 7 au zaidi, subiri namba itulie, ndipo uingize uzito. Andika pia kiasi cha mafuta: lita 400 za dizeli ni kama kilo 335.

Mizani ya kiwanda ikitoa jumla tu, bado unaweza kupata uzito wa kila kundi. Panda na tairi za mbele pekee, soma, ongeza difu, soma, ingiza gari zima, soma, kisha toa kila namba kwenye ile inayofuata. Sharti ni njia ya kuingilia iwe sawa na jukwaa. Ikiwa na mteremko, uzito huhamia kundi jingine na makosa hayo utayaingiza kwenye kifaa.

Hapa pwani tatizo jingine ni unyevu. Toa maji matangini kila siku na badilisha kichujio cha kikausha upepo kwa wakati, kwa sababu maji yakifika kwenye sensa husoma ovyo. Paka grisi ya umeme kwenye soketi za tela. Chumvi ya hewa ya Tanga inazila haraka.

Geji ya mshale ni nafuu na inatosha kwa tela inayobeba mzigo wa aina moja. Kwa kichwa, tunapendekeza ya skrini yenye pointi mbili. Hata hivyo pakia kilo 300 hadi 500 chini ya kikomo cha kila kundi, kwani uamuzi barabarani ni wa mizani ya serikali. Seti upya kila baluni au valvu ya urefu inapobadilishwa, na kila kichwa kinapopewa tela nyingine isiyo na sensa yake.