Mwongozo wa Kununua Tiketi ya Anga za Juu: Kwa Nini Mwezi Umeshika Nafasi ya Mwisho

Mwongozo huu unapanga aina nne za tiketi ambazo watu binafsi wamekuwa wakiuziwa, na kipimo chetu ni kimoja: je, chombo unachouziwa kimekwisha kubeba abiria wa kulipa na kuwarudisha salama? Umaarufu wa mwenye kampuni na uzuri wa picha za matangazo tumeviweka kando, kwa kuwa havimpi mnunuzi dhamana yoyote.

Nafasi ya kwanza tunaipa ndege ya kuelea bila uzito. Ni ndege ya kawaida iliyofanyiwa marekebisho, ambayo hupanda na kushuka kwa mkunjo maalumu, na kila mkunjo humpa abiria sekunde 20 hivi za kuelea. Kule Bordeaux, Ufaransa, hutumika Airbus A310. Hufiki anga za juu, lakini gharama ni ya maelfu ya dola na ulicholipia unakipata.

Nafasi ya pili ni safari ya kuizunguka dunia. Tajiri wa Kimarekani Dennis Tito alilipa takriban dola milioni 20 mwaka 2001 kwenda Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, na kufikia Aprili 2022, safari ya kwanza ya kampuni ya Axiom ilipoondoka, kiti kilikuwa kimefika dola milioni 55. Ni fedha nyingi mno, ila chombo cha Dragon, cha kampuni ya SpaceX, ambacho Axiom hukitumia, kipo na rekodi yake inaonekana.

Ya tatu ni safari fupi ya kugusa ukingo wa anga na kurudi. Hapa tatizo ni kungoja. Mmoja wa abiria wa kampuni ya Virgin Galactic alikata tiketi mwaka 2005 akapaa Agosti 2023, na chombo kilichombeba kilistaafishwa Juni 2024. Kuna baya zaidi: kampuni ya XCOR ilikwisha kuuza tiketi za ndege yake, Lynx, kisha ikafilisika mwaka 2017 bila ndege hiyo kuruka hata mara moja.

Mwezi unashika mkia, na sababu zake zinahitaji kuelezwa kwa kirefu. Kwanza ni wateja. Kati ya 1968 na 1971, shirika la ndege la Pan Am liliandikisha watu zaidi ya 93,000 waliotaka kwenda mwezini, lakini kujiandikisha kulikuwa bure. Orodha ya majina haijengi roketi. Bei ilipotajwa, foleni ilikatika. Kampuni ya Space Adventures ilitangaza safari ya kuuzunguka mwezi kwa Soyuz, chombo cha Kirusi, ikasema mwaka 2011 kwamba kiti kimoja kimeuzwa kwa dola milioni 150, na safari hiyo haikufanyika. Anayetafutwa hapa ni mtu mwenye utajiri huo, mwenye afya, mwenye nafasi ya kufanya mazoezi kwa miezi mingi, na aliye tayari kuhatarisha uhai wake. Watu wa namna hiyo hawatoshi kuendesha biashara ya kudumu.

Pili ni mtaji. Hata mteja anapopatikana, fedha zake ni sehemu tu ya gharama ya kukiunda chombo, kwa hiyo ratiba hufuata maendeleo ya karakana, wala haifuati mkataba wake. Bilionea wa Kijapani Yusaku Maezawa alitia saini na SpaceX mwaka 2018 kwa safari ya kuuzunguka mwezi, akitarajia kuondoka kufikia mwisho wa 2023. Aliwachagua wenzake wanane, akangoja, na Juni 2024 akaifuta safari kwa sababu hakujua Starship, chombo ambacho SpaceX ilikuwa bado inakiunda, kingekuwa tayari lini. Ikiwa bilionea aliyeuzunguka mwezi kwa mawazo yake miaka sita hakuweza kuharakisha kazi, mnunuzi wa kiti kimoja hana nguvu hiyo.

Kwa hiyo anayeuziwa mwezi leo anauziwa mbuzi kwenye gunia. Ukiona ni lazima ununue, usitoe arubuni moja kwa moja kwa muuzaji: iwekwe benki chini ya msimamizi asiyefungamana naye, itolewe kwa awamu baada ya majaribio yaliyotajwa kwa majina, na mkataba uandike tarehe ambayo ikipita kabla hujaondoka, fedha zote zinarudi kwako bila kukatwa.