Nimetumia sukani za aina tatu, lakini pedeli ya breki ndiyo iliyobadilisha uendeshaji wangu

Nilijifunza kuendesha gari kwa Land Rover ya mjomba wangu, isiyo na pawa steringi, katika barabara ya vumbi inayopanda kutoka Muheza kwenda Amani. Somo la kwanza alilonipa halikuhusu gia wala klachi. Aliniambia nivitoe vidole gumba nje ya duara la usukani, kwa sababu gurudumu la mbele likigonga jiwe usukani hurudi kwa kishindo na unaweza kumvunja mtu kidole. Tangu siku hiyo nimeuona usukani kuwa kitu kinacholeta habari kutoka barabarani, na kila ninapojaribu kifaa cha gemu za magari hapa nyumbani Chumbageni, Tanga, swali langu ni lile lile: mkono wangu unapata habari gani kuhusu tairi?

Ili nisijidanganye, nimevijaribu vifaa vyote kwa gari moja na njia moja. Ninatumia gemu ya Assetto Corsa kwenye kompyuta, gari ni Toyota AE86, ambalo husukumwa na magurudumu ya nyuma na halina ABS (mfumo unaozuia tairi kuacha kuzunguka ukikanyaga breki kwa nguvu), na njia ni Nordschleife ya Ujerumani, yenye urefu wa karibu kilomita 21. Ndani ya njia hiyo kuna kona iitwayo Karussell, yenye sakafu ya zege iliyoinama kama ubavu wa bakuli, na viungo vya zege hiyo vinahesabika kwa mkono iwapo usukani una uwezo wa kuvieleza. Mtu akitaka kuzilinganisha sukani mbili, kona hiyo inamtosha.

Nilianza na usukani wa gia, nilioununua wa mtumba. Katika kundi hili zimo Logitech G29 ya mwaka 2015 na G923 ya mwaka 2020, na sukani hizi huzunguka digrii 900, yaani mizunguko miwili na nusu, ambayo haiko mbali na gari la kawaida la nyumbani. Mota ndogo huzungusha gia, na gia ndizo zinazosukuma usukani mkononi mwako. Uzuri wake ni kwamba ni imara na hauhitaji malezi mengi. Tabia yake ni kwamba meno ya gia yana nafasi ndogo kati yake, kwa hiyo usukani unapokuwa katikati, gari likienda moja kwa moja, kuna ulegevu mdogo ambao mkono unauhisi kama ukimya. Kwenye zege ya Karussell viungo vilinifikia kwa mgongano wa meno, kama kijiko kinachogongwa kwenye sufuria: nilijua kuna kitu kimepita, lakini sikujua ukubwa wake.

Usukani wa mkanda, niliouazima kwa rafiki kwa muda wa mwezi mmoja, ni laini zaidi na hauna kelele, jambo lililonifaa sana usiku nyumba ikiwa imelala. Thrustmaster T300 RS ni mfano unaojulikana wa kundi hili, nao huzunguka digrii 1080. Uzito wa usukani huongezeka na kupungua taratibu bila kurukaruka, ingawa mkanda humeza kidogo mitetemo midogo kabla haijafika mkononi.

Wa tatu ni ule ambao sikuutarajia kuufikia. Binamu yangu anayefanya kazi Muscat alikuja likizo akiwa na Moza R5 ndani ya begi, na kwa majuma mawili uliwekwa kwenye meza yangu. Usukani wa namna hii hauna gia wala mkanda. Duara la usukani limefungwa kwenye mhimili wa mota yenyewe, na mota hiyo ina nguvu ya kuzungusha ya nyutoni mita 5.5, zaidi ya mara mbili ya usukani wangu wa gia. Hata hivyo nguvu si jambo nililolishangilia. Nililolishangilia ni lile linalotokea pale tairi za mbele zinapokaribia kuteleza. Katika gari halisi, ukiingia kona kwa kasi inayozidi kupanda, usukani huwa mzito kwanza, kisha kabla tairi hazijaachia kabisa uzito ule huanza kupungua, na dereva aliyezoea huupokea upungufu huo kama onyo. Usukani wa gia uliniletea onyo hilo nikiwa tayari ninaelekea kwenye vyuma vya pembeni. Moza ulinipa nafasi ya kulegeza mguu. Na nilipogonga ukuta kwa mara ya kwanza, usukani ukapindwa mikononi mwangu kwa nguvu iliyonikumbusha yale mawe ya Amani, nikashukuru kwamba vidole gumba vilikuwa nje.

Niseme jambo moja hapa, kwa sababu nimewaona wengi wakilikosea. Watu hupandisha nguvu ya usukani hadi mwisho wakidhani ndipo utasema zaidi, na kwa usukani mdogo matokeo ni kinyume. Gemu ikidai nguvu inayozidi uwezo wa mota, mota hubaki kwenye kiwango chake cha juu, na mabadiliko yote yanayopita juu ya kiwango hicho hayakufikii; katikati ya kona usukani unakuwa mzito tu, bila habari yoyote. Assetto Corsa ina kidirisha kinachoonyesha kipimo cha nguvu hiyo pamoja na vipimo vya pedeli. Nilipoushusha usukani wangu wa gia hadi asilimia 70 na kipimo kikaacha kujaa katika kila kona, nilianza kupata sehemu ya lile onyo ambalo nilidhani ni la matajiri peke yao.

Sasa nije kwenye breki, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike.

Pedeli nilizopata pamoja na usukani wa gia zilipima umbali. Unakanyaga, pedeli inashuka, na kifaa kidogo kiitwacho potenshomita kinaiambia kompyuta imeshuka kiasi gani. Baadhi ya watengenezaji huweka kipande cha mpira nyuma ya springi ili breki iwe ngumu mwishoni, na hilo husaidia, lakini kinachopimwa hubaki kuwa umbali. Breki ya gari halisi haifanyi kazi hivyo. Baada ya kushuka kidogo pedeli husimama, na kuanzia hapo gari hupunguza mwendo kulingana na unavyobana, si kulingana na mguu ulikofika. Miaka mitatu nilikuwa nikizifunga kwa breki tairi za mbele za AE86 zisizunguke kabla ya Karussell, mara naingia taratibu mno, mara natoka nje kabisa, na nikawa naulaumu usukani.

Kisha pedeli zenyewe zikaanza kuchoka. Nyumba yangu inapokea upepo wa bahari, na hapa Tanga hewa ya chumvi haiachi kitu; jioni moja nikaona kipimo cha breki kwenye kioo kinatetemeka kati ya asilimia 0 na 10 wakati miguu yangu iko juu ya kiti. Gari lilikuwa likijifunga breki lenyewe. Nilizifungua pedeli juu ya gazeti, nikakuta ndani ya potenshomita njia nyeusi ambayo kidole cha chuma huisugua kila unapokanyaga, na juu yake vumbi laini la kijivu lililoshikana kwa unyevu. Fundi wa televisheni wa Ngamiani aliipulizia dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, ikapona kwa miezi miwili, ikarudia. Kwa wanaoishi pwani kama mimi, huu ni ushauri ninaoutoa kwa moyo wote: tafuteni pedeli zinazotumia sumaku badala ya potenshomita, kwa sababu ndani yake hakuna vitu vinavyosuguana.

Nilipopata fedha kidogo sikununua usukani mpya. Niliagiza pedeli ambazo breki yake hupima nguvu. Ndani yake kuna kipande cha chuma kinachopinda kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, na nyuzi nyembamba zilizogandishwa juu yake hubadilisha ukinzani wa umeme kinapopinda. Ni kanuni ile ile ya mizani ya kidijitali inayopimia samaki pale soko la Deep Sea. Tofauti ni kwamba hapa kinachopimwa ni mguu wako.

Siku ya kwanza niliichukia. Ilikuwa ngumu kama jiwe, na nilipokanyaga kwa nguvu kiti changu cha ofisi chenye magurudumu kilirudi nyuma hadi ukutani, huku pedeli zikiteleza mbele juu ya vigae. Breki ya aina hii haifai bila kitu imara cha kuishikilia. Seremala alinitengenezea fremu ya mbao mbili kwa nne, na kiti nikakinunua kwa wauza spea za mtumba, kiti cha mbele cha Noah kikiwa na reli zake, tukakifunga kwa bolti. Fremu na kiti vilinigharimu usumbufu mwingi kuliko pedeli zenyewe, na asiye tayari kwa hilo abaki na breki ya springi.

Baada ya kama juma moja mguu ulielewa. Nilikuwa nakanyaga kwa uzito ule ule kila mara nikifika mahali pale pale, na tairi zikawa zinalia kidogo bila kufunga. Usukani ulikuwa ni ule ule wa gia, lakini muda wangu wa kuzunguka Nordschleife ulipungua kwa sekunde 14 katika juma la pili, kiasi ambacho usukani wa binamu, pamoja na uzuri wake wote, haukunipa.

Jirani yangu, mzee aliyeendesha malori ya Scania kwa miaka mingi, alikuja kuniangalia. Nikamwamkia, nikampisha kitini. Kwanza nilimpa pedeli za zamani. Akakanyaga mara mbili, akatazama chini, akasema, "Mwanangu, usukani wako unasema, lakini breki hii bubu." Nilipomwekea mpya hakusema kitu kwa muda mrefu. Alizima gari, akawa anabana na kuachia tu, kama mtu anayepima breki za upepo kabla ya kushuka mlima. Kisha akaomba gia ya mkono ihamishiwe upande wa kushoto, kama ilivyo kwenye magari yetu, kwa kuwa mimi nilikuwa nimeifunga kulia kwa kufuata picha za Wazungu. Tukaihamisha siku hiyo hiyo, na haijarudi.

Kwa anayetumia PlayStation, ajue kwamba kwa kawaida pedeli lazima zichomekwe kwenye usukani wenyewe, kwa hiyo kuchanganya vifaa vya watengenezaji tofauti ni kugumu. Kwenye kompyuta kila kifaa huchukua tundu lake la USB na hakuna shida. Umeme ukikatika, usukani unakuwa mwepesi kama sahani papo hapo, lakini hilo halichagui aina.

Uzito wa breki hurekebishwa kwenye programu. Mimi hucheza miguu mitupu, na nimeweka breki ijae, yaani ifike asilimia 100, kwa kilo 35. Mpwa wangu wa miaka kumi na miwili alikuwa anasimama kabisa juu ya pedeli na bado gari halisimami, nikamshushia hadi kilo 15, na Jumapili iliyopita aliifikia Karussell, akabana, akaachia taratibu akiingia kwenye zege, akaniambia bila kugeuka, "Mjomba, nimeyahesabu matuta yote."