Kuonyesha mwili wako ulivyo: upige picha au uchore?

Huu ubishi hauishagi, haswa kwa wadada wasanii wanaotaka kuonyesha michirizi na tumbo la baada ya uzazi bila kuficha.

Gharama picha inashinda, simu na mwanga wa dirishani umemaliza, mchoro unataka turubai, rangi na muda. Kwa nguvu pia picha, kovu la oparesheni likiwa kwenye ngozi kabisa nani atasema umetunga?

Ila kudumu mtandaoni sasa! Instagram chuchu ya mwanamke kwenye picha wanafuta (kunyonyesha na kovu la kukatwa titi wanaruhusu), ila uchi wa kwenye mchoro au sanamu unapita. Halafu kuna BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa, Tanzania), Januari 2021 walimfungia mwanamuziki Gigy Money miezi 6 na faini ya shilingi milioni 1 kisa vazi la jukwaani Dodoma, hapo ni vazi tu jamani.

Matusi yapo kote, ila kwenye mchoro unaweza kuondoa sura yako.

Kama unakula kwa matangazo ya kampuni, chora. Kama huna mkataba wa mtu na ngozi yako ngumu, piga, ila faili hifadhi na pembeni, sio Instagram tu, maana akaunti ikifutwa inaweza kuondoka nazo.